Mvua Iliyokataa Kuondoka: Rapid City, usiku wa Juni 9, 1972

Jina la mto lilikwisha kusema. Walakota, waliokuwepo kwenye Milima Myeusi kabla mji haujafikiriwa, wanauita Mniluzahan, yaani maji yaendayo mbio. Walowezi waliokuja kuanzisha mji mwaka 1876, katika eneo ambalo leo ni jimbo la South Dakota nchini Marekani, wakauita kwa maana ileile, Rapid Creek, na mji wakauita Rapid City. Kisha wakajenga kandokando yake, karibu kabisa na maji, kana kwamba jina ni pambo tu.

Usiku wa Ijumaa, Juni 9, 1972, mto ule uliua. Watu 238 walikufa katika eneo zima la milima na mji, wengi wao ndani ya saa chache. Waliojeruhiwa walipita 3,000. Nyumba 1,335 ziliharibika kabisa, na magari kama 5,000 yalisombwa. Mji wenyewe ulikuwa na watu 44,000 hivi, kwa hiyo karibu kila mtu alikuwa na wa kumlilia. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 160 za wakati ule.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hakina kimbunga cha baharini wala tetemeko. Kilichoua ni mvua ya radi ya alasiri, ile ambayo watu wa kule huiona tangu mwisho wa Mei mpaka Agosti, wakaanua nguo, wakafunga madirisha, wakaendelea na chakula cha jioni.

Alasiri ya kawaida ya Juni

Milima Myeusi ni kisiwa cha mawe katikati ya bahari ya nyasi. Mashariki yake ni tambarare tupu, nchi ya ng'ombe na ngano, mamia ya kilomita bila kilima cha maana. Mji umekaa pale tambarare inapogota mlima, kama mita 980 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea magharibi unaanza kupanda, na kilele cha juu kabisa, kinachoitwa leo Black Elk Peak, kina mita 2,207. Kwa mtu aliyezoea Meru au Mlima Kenya hicho si kilele cha kutisha, lakini mvua haihitaji mlima mrefu. Inahitaji mteremko na upepo unaoupanda.

Mwanzoni mwa majira ya joto huko, jua ni kali na siku ni ndefu. Miteremko ya milima hupata moto mapema kuliko hewa iliyo usawa wake juu ya tambarare, kwa hiyo hewa iliyoigusa huanza kupanda, na hewa ya tambarare huvutwa kuja kuziba nafasi. Saa tano asubuhi unaona vijiwingu vyeupe vimekaa juu ya vilele kama pamba iliyochambuliwa. Saa nane vimekuwa minara. Saa tisa au kumi ngurumo zinaanza. Dalili ya mvua ni mawingu, wahenga wetu walisema, lakini huko Juni mawingu hujikusanya siku nyingi mno. Dalili inayoonekana kila siku huacha kuwa dalili, ikawa mazoea tu.

Kwa kawaida mambo hayaishii mlimani. Juu, kilomita tano au kumi kutoka ardhini, hupita upepo wa magharibi wenye nguvu. Upepo huo ndio huishika mvua mkono na kuiongoza nje ya milima, ikaenda kumwaga mawe na dhoruba juu ya mashamba ya tambarare, na kufikia usiku imekwisha au imeingia majimbo ya jirani. Bonde moja hupata mvua ya dakika ishirini au nusu saa, mto unabadilika rangi, kesho yake umerudi kama ulivyokuwa.

Kilichokosekana siku ile

Juni 9 vitu vyote vya kawaida vilikuwepo isipokuwa kimoja. Upepo wa juu ulikuwa umelala.

Chini, mambo yalikuwa kinyume. Hewa nzito yenye unyevu mwingi, asili yake Ghuba ya Mexico, ilikuwa imetanda juu ya tambarare, na upepo wa mashariki ulikuwa ukiisukuma moja kwa moja kwenye ukuta wa milima, kwa nguvu na bila kupumzika. Aliyekulia Kibosho au Marangu anaijua hali hii bila darasa: upepo wa bahari unapanda upande wa kusini wa Kilimanjaro, unapoa, unatua mzigo wake wa maji hapohapo. Tofauti ni kwamba kule Dakota hewa iliyopanda ilikuta anga la juu liko tayari kuipokea, ikafyatuka kuwa mawingu ya radi, na mawingu hayo hayakuwa na wa kuyaondoa.

Mtu anaweza kudhani ni wingu moja kubwa lililosimama. Sivyo. Wingu la radi moja huishi chini ya saa nzima, likanyesha, likajimaliza. Kilichosimama ni mahali pa kuzaliwa. Mfikirie mama anayechoma chapati: kila moja inakaa juu ya chuma dakika mbili tatu, inatoka, nyingine inaingia, lakini jiko halijahama na unga haujaisha. Upepo wa mashariki ulikuwa unaleta unga, mteremko ulikuwa chuma cha moto, na kila wingu lililokufa lilimwaga maji yake kwenye mabonde yaleyale ya lililotangulia. Mvua ilianza alasiri, ikakaza kuanzia kama saa kumi na mbili jioni, na ikaendelea hivyo kuelekea saa sita usiku.

Karibu na kijiji cha Nemo zilianguka kama inchi 15 za mvua ndani ya saa sita, yaani milimita 380. Rapid City hupata kiasi kisichozidi hicho sana kwa mwaka mzima. Kwa mizani ya kwetu, Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka. Chukua theluthi mbili ya mvua ya mwaka ya Dodoma, uimwage kati ya magharibi na usiku wa manane, tena juu ya mawe yenye mteremko mkali na udongo mwembamba. Eneo la maili 60 za mraba, karibu kilomita 155 za mraba, lilipata zaidi ya inchi 10. Nilipiga hesabu kwenye karatasi: hata tukichukua inchi 10 kamili tu, ni mita za ujazo milioni 39, zinazotafuta njia ya kushuka kwenye vijito ambavyo siku nyingine mtoto huvivuka kwa miguu.

Na si kijito kimoja. Boxelder, Rapid, Spring, Battle: vyote vinavyoshuka upande wa mashariki vilifurika usiku mmoja. Kule Keystone, kijiji kilicho chini ya sanamu maarufu za marais pale Mount Rushmore, maji yaliua watu pia.

Mlinzi aliyekuwa mlango mwingine

Rapid Creek ilikuwa na bwawa kubwa, Pactola, lililomalizika mwaka 1956 huko juu milimani. Mtu wa mjini angeweza kulala akijiambia kuwa mto umefungwa lijamu. Lakini mvua ya Juni 9 ilianguka zaidi chini ya Pactola, kati ya bwawa na mji. Mlinzi alikuwa macho, ila mwizi alipita mlango mwingine.

Kati ya bwawa lile na mji kulikuwa na jingine, dogo, la Canyon Lake, upande wa magharibi mwa mji. Lilikuwa la enzi za miaka ya 1930, tuta la udongo lililotengeneza ziwa la kupunga upepo, watu wakaja kuvua samaki na kulisha bata. Halikujengwa kuzuia mafuriko. Usiku ule mto uliteremka na kila ulichokipata, magogo, mbao, vipande vya majengo, vikaenda kukwama kwenye njia ya kumwagia maji ya ziada. Njia ikaziba. Maji yakapanda, yakaruka juu ya tuta, yakaanza kulila. Kama saa tano kasorobo usiku tuta likaenda.

Wasomaji wa Kenya watakuwa wamekwisha kukumbuka Mai Mahiu, alfajiri ya Aprili 29, 2024. Kule nako maji yalikwama nyuma ya tuta la reli, kwenye kalvati iliyozibwa na takataka, kisha yakaachiwa kwa mkupuo juu ya watu waliolala. Mahali pale hapakuitwa bwawa na mtu yeyote. Lakini chochote kinachokatiza bonde ni bwawa siku mvua ikitaka kiwe, na mara nyingi tope na magogo ndiyo hufunga mlango.

Hata hivyo, mimi siamini kwamba kuvunjika kwa Canyon Lake ndiko kiini cha kisa, ingawa kwa miaka mingi ndiko kulikosimuliwa zaidi. Tazama vipimo. Juu ya ziwa, kabla mto haujafika kwenye tuta, kilele cha mafuriko kilikuwa futi za ujazo 31,200 kwa sekunde, karibu mita za ujazo 880. Mjini kilikuwa 50,000, yaani kama 1,400. Bwawa liliongeza ukali na ghafla, hilo halina ubishi, na mvua iliyoanguka chini yake nayo iliongeza. Lakini mto uliokuwa unakuja, bwawa liwepo lisiwepo, ulikuwa tayari mkubwa kuliko chochote mji ulichojiandaa nacho. Lawama hupenda kitu kilichojengwa na mtu, kwa sababu kina mwenyewe wa kulaumiwa.

Saa mbili za giza

Tahadhari ya mafuriko ya ghafla ilitolewa jioni ile, kabla maji hayajauingia mji. Meya, Don Barnett, kijana ambaye hakuwa amefika miaka 30, alikwenda mwenyewe kuutazama mto, na karibu saa nne na nusu usiku wito ulitoka redioni na kwenye televisheni: wote walio sehemu za chini waondoke sasa hivi. Dakika chache baadaye tuta lilivunjika. Mkupuo mkubwa ulipita katikati ya mji kama saa sita na robo.

Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, maana ndipo pagumu. Jiweke kwenye jiko la nyumba iliyo mita hamsini kutoka mtoni. Ni Ijumaa, wiki ya kazi imeisha. Nje ni giza na mvua inapiga kioo. Umeishi hapo miaka kumi na tano na umeona ngurumo za Juni zisizohesabika. Hakuna hata moja iliyowahi kuvuka ua. Redio inasema ondokeni. Unafungua mlango, unamulika tochi, unaona maji yamefika kwenye nyasi. Si mengi. Unarudi kutafuta viatu, unawaamsha watoto, mmoja anamtaka paka. Unaamua kutoa gari kwanza.

Uamuzi wa gari ndio uliowapoteza wengi, siku ile na katika mafuriko mengine ya aina hii. Gari huelea mapema kuliko watu wanavyodhani; maji yakifika usawa wa tumbo la gari na yanakwenda kasi, usukani umekwisha kuwa mapambo. Asubuhi ya Juni 10 magari yalionekana yamepandiana kwenye nguzo za madaraja, mengine yamekunjwa. Nyumba zilizong'oka kwenye misingi zilielea na kugongana, mabomba ya gesi yakakatika, na moto ukawaka juu ya maji. Askari wa akiba waliokuwa kambini jirani kwa mafunzo yao ya kila mwaka waliingia kuokoa watu gizani. Baadhi ya waokoaji nao hawakurudi.

Milima ilikuwa mita mia tatu tu kutoka kwa wengi wao. Hili linaniuma kila nikisoma kisa hiki. Bonde lina kuta. Kupanda kwa miguu dakika tano kungetosha, na gari lisingehitajika kabisa.

Chumvi angani

Kuna jambo lililoongeza uchungu. Alasiri ileile, watafiti wa chuo cha uhandisi cha South Dakota School of Mines walikuwa wamerusha ndege na kunyunyiza unga wa chumvi kwenye mawingu, katika majaribio ya kuongeza mvua. Unaweza kufikiria habari hiyo ilivyopokelewa mjini wiki iliyofuata, miili bado inatafutwa. Kesi ilifunguliwa dhidi ya serikali ya Marekani. Wachunguzi hawakuona kuwa chumvi ndiyo iliyoleta mafuriko, na nakubaliana nao kwa sababu ya ukubwa wa mizani: mzigo wa unga unaobebwa na ndege ndogo hauumbi mamilioni ya tani za maji wala hauuzimi upepo wa kilomita kumi angani. Mvua ile ilikuwa imekwisha kuandaliwa na pande mbili za anga kabla rubani hajawasha injini.

Lakini siwacheki waliohoji. Siku ambayo hewa iko vile, mtu mwenye akili ya kawaida hutaka kujua kwa nini jaribio halikuahirishwa. Hilo ni swali la busara, na ni tofauti na swali la nani alileta mvua.

Miaka minne baadaye, kusini kidogo

Ingekuwa ajali ya mara moja, tungeiacha hapo. Julai 31, 1976, jioni ya Jumamosi, bonde la Big Thompson huko Colorado lilipata kama inchi 12 kwa saa chache, na watu 144 walikufa, wengi wao wageni waliokuja kupumzika. Mwaka 1978 mtaalamu wa hali ya hewa Robert Maddox na wenzake waliziweka dhoruba hizi mbili kwenye meza moja na kukuta zinafanana kama ndugu: upepo wa mashariki wenye unyevu ukipanda mlima, mawingu yanayozaliwa palepale, upepo wa juu uliolegea. Tangu hapo mtabiri wa maeneo yale akiona mkusanyiko huo asubuhi, haulizi tu kama kutakuwa na radi. Anauliza kama radi hiyo itatembea.

Baada ya Big Thompson vibao viliwekwa kwenye barabara za mabonde ya Colorado. Vina mchoro wa mtu anayekwea mteremko, na maneno machache yanayomwambia msafiri apande juu ajiokoe mafuriko yakija. Ukiviona mchana wa jua, na mto unacheka kando ya lami, vinaonekana kama utani. Havitaji gari hata kidogo.

Kitanda kilikuwa wapi

Rapid City ilifanya kitu ambacho miji mingi huahidi na kuacha. Ilikataa kurudisha nyumba mahali zilipokuwa. Barnett na baraza lake walishika kanuni moja ambayo hata mtoto angeielewa: mtu yeyote asilale tena kwenye njia ya mafuriko. Hawakusema mtu asicheze wala asifanye biashara. Asilale. Kwa fedha za serikali kuu, zipatazo dola milioni 48, viwanja vilinunuliwa, mabaki yakaondolewa, na ukanda wa kijani ukaachwa wazi kufuata mto kutoka magharibi mwa mji mpaka upande wa pili: bustani, viwanja vya michezo, uwanja wa gofu, njia za baiskeli.

Naipenda kanuni ile kwa sababu inaanzia kwenye saa. Mvua ya radi huzaliwa alasiri, lakini ile isiyotembea hufika mjini usiku, watu wakiwa wamevua viatu. Aliye kwenye nyasi za mpira akisikia ngurumo huenda nyumbani. Aliye kitandani ndiye anayepatikana. Kwa hiyo swali la maana baada ya Juni 9 halikuwa mvua ilitoka wapi, wala tuta lilikuwa imara kiasi gani. Lilikuwa kitanda kilikuwa wapi.

Haikuwa rahisi. Kuna watu waliopoteza ndugu na bado walitaka kujenga palepale, kwenye msingi uleule wa baba yao, na haki yao ya kutaka hivyo si ya kudharau. Wanaofuatilia bonde la Msimbazi pale Dar es Salaam, ambako familia zimelipwa ziondoke Jangwani ili pageuzwe bustani ya jiji, wanajua kwamba kubomoa ukuta ni siku moja na kumshawishi mwenye ukuta ni miaka. Rapid City ilisaidiwa na jambo la kutisha: majina yalikuwa mengi mno, na mabichi mno, kwa mtu kusimama mkutanoni akasema mto hauwezi.

Canyon Lake ilirudishwa. Watu bado wanalisha bata. Juni ikifika, mawingu bado yanapanda juu ya milima kabla ya adhuhuri, na ngurumo ya kwanza bado husikika saa tisa au kumi. Wachezaji gofu hukusanya fimbo zao na kwenda zao, na mvua ikianza kunyesha juu ya ukanda ule wote, kando ya Mniluzahan, hainyeshei paa la mtu aliyelala.